Bamvua na Maji Mafu: Sindano na Jeli katika Kufidia Testosteroni

Utangulizi

Makala haya yanadhamiria kufafanua tofauti iliyopo baina ya njia mbili kuu za kufidia upungufu wa testosteroni katika mwili wa mwanamume: kudungwa sindano na kupaka dawa ngozini. Huenda msomaji wa jarida hili akauliza mada kama hii imeingiaje katika ukumbi wa wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili. Iliingia kwa mlango wa tafsiri. Mjomba wangu, mvuvi wa Vanga katika pwani ya kusini ya Kenya, alipasuliwa uvimbe uliokuwa umeota kwenye tezi ya pituitari, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo. Uvimbe ulitolewa salama, lakini tezi haikurudia kazi yake yote. Miezi michache baadaye alirejea nyumbani na karatasi mbili za maelezo zilizoandikwa kwa Kiingereza, moja ya sindano na nyingine ya jeli, pamoja na agizo la daktari kwamba azielewe zote mbili kisha aje aseme angependa ipi. Akaniita. "Wewe ndiye msomi wa lugha, mwanangu," aliniambia. "Hebu nieleze kwa Kiswahili cha watu."

Nilidhani kazi hiyo ingenichukua saa moja. Ilinichukua siku tatu, na aghalabu kilichonikwamisha hakikuwa msamiati wa kitabibu bali maneno ya kawaida kabisa.

Kufidia si Kuongeza

Neno la kwanza kunitatiza lilikuwa jina la tiba yenyewe. Nilianza kwa kuandika "tiba ya kuongeza homoni". Mjomba alipoisikia alitabasamu, akasema, "Kumbe ni ile dawa ya nguvu inayobandikwa matangazo kwenye nguzo za stima!" Papo hapo nikang'amua kwamba tafsiri yangu ilikuwa imekwisha kupotosha. Kuongeza huchukulia kwamba kitu kipo cha kutosha na sasa kinazidishwa. Kubadilisha, pendekezo langu la pili, hudokeza kwamba homoni mbovu inaondolewa ili nzuri iwekwe mahali pake. Hali halisi si hiyo wala si hii. Nikaishia kwenye kufidia, kwa kuwa fidia hulipa kilichopotea, tena kwa kiasi kilichopotea. Anayelipwa zaidi ya hasara yake hajafidiwa, ametajirishwa. Na katika suala la homoni utajiri huo una madhara yake, kama tutakavyoona.

Homoni ni neno la mkopo lililokwisha kukita mizizi katika Kiswahili. Ernest Starling, mwanafiziolojia wa Uingereza, ndiye aliyelieneza mwaka 1905, akilitoa katika kitenzi cha Kiyunani chenye maana ya kuchochea. Baadhi ya waandishi wetu wamelitafsiri kama kichocheo, tafsiri ambayo kwa asili ya neno haina kasoro, ila kichocheo kimekwisha kutwaliwa pia na walimu wa kemia kwa maana nyingine. Heri homoni ibaki homoni.

Testosteroni hutengenezwa hasa katika korodani, lakini korodani hazijiamrishi. Sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi huipa ishara tezi ya pituitari, nayo pituitari huzitumia korodani homoni zake za kuziamrisha. Kiwango cha testosteroni kikipanda katika damu, ubongo hupunguza amri, kikishuka, huziongeza. Upungufu basi waweza kutokea mahali pawili: ama korodani zenyewe zimedhurika, ama amri haifiki. Mjomba alikuwa wa fungu la pili.

Upungufu huo hauthibitishwi kwa uchovu wala kwa malalamiko ya chumbani pekee. Damu hupimwa asubuhi, wakati kiwango huwa juu, na kipimo hurudiwa siku nyingine asubuhi kabla ya kutolewa hukumu. Kwa jumla mwanamume mzima huwa na nanogramu zipatazo 300 hadi 1000 katika desilita moja ya damu, ingawa kila maabara huwa na mipaka yake. Mtu asiyepimwa hana msingi wa kuchagua baina ya sindano na jeli, kwa maana hajui kama kuna deni la kulipwa. Nalisisitiza jambo hili kwa sababu lugha yetu imeyafumbata mambo mengi mno katika kifungu kimoja, "nguvu za kiume", hata mtu mwenye kisukari, mwenye msongo wa mawazo, na mwenye upungufu halisi wa homoni huonekana wana ugonjwa mmoja. Pembeni yake limekaa neno hanithi, ambalo limewanyamazisha wanaume wengi waliostahili kumwona daktari.

Sindano: Mafuta na Mkia

Mwaka 1889 tabibu mashuhuri aitwaye Charles-Édouard Brown-Séquard, mzaliwa wa Port Louis katika kisiwa cha Mauritius, aliwatangazia wanazuoni wenzake jijini Paris kwamba amejidunga maji yaliyokamuliwa kutoka korodani za mbwa na za panya wa Guinea, na kwamba akiwa na umri wa miaka 72 amerudiwa na nguvu za ujana. Hapana shaka aliyaamini aliyoyasema. Hata hivyo, testosteroni haiyeyuki vyema katika maji, na korodani haziiweki akibani kwa wingi. Kwa hiyo kimiminika chake hakikuwa na homoni ya kutajika. Kilichomponya ni imani. Mwaka 1935 watafiti wa Ernst Laqueur mjini Amsterdam walihitaji takriban kilo 100 za korodani za mafahali ili kupata miligramu zipatazo 10 za homoni hiyo. Mwaka huohuo Adolf Butenandt na Leopold Ruzicka, kila mmoja na wenzake, walifanikiwa kuiunda maabarani, na mwaka 1939 wakatunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia.

Homoni ilipopatikana, kikazuka kizuizi kingine. Testosteroni tupu ikimezwa hufikia ini na kuvunjwavunjwa kabla haijasambaa mwilini. Ikidungwa, huisha upesi. Wanakemia walitatua tatizo hili kwa kuipachika mkia wa asidi ya mafuta, kisha kuiyeyusha katika mafuta ya mimea. Sindano ikiingia ndani ya msuli wa tako au paja, mafuta hukaa pale kama ghala dogo. Dawa huchuruzika kidogo kidogo hadi kwenye damu, ambako vimeng'enya huukata mkia na kuiacha testosteroni ileile ambayo mwili ungeitengeneza. Kadiri mkia unavyorefuka ndivyo dawa inavyokawia ghalani. Testosteroni enanthati, iliyoanza kutumiwa katika miaka ya 1950, aghalabu huwekwa katika mafuta ya ufuta. Sipionati huwekwa katika mafuta ya mbegu za pamba. Andekanoati, yenye mkia mrefu zaidi, huwekwa katika mafuta ya mbarika. Mjomba alipolisikia hilo la mwisho alishtuka: "Mafuta yale ya kunywa ili kuendesha tumbo?" Ndiyo, yaleyale, ila yamesafishwa kwa ajili ya sindano.

Enanthati na sipionati hudungwa kila wiki moja au mbili. Dozi ya kawaida ni miligramu 100 kwa wiki, au 200 kwa wiki mbili. Katika siku mbili tatu za mwanzo baada ya dozi kubwa, kiwango cha damu huweza kupanda kupita mpaka wa juu wa kawaida. Kisha huteremka, na ifikapo siku ya 14 huenda kikawa kimerudi chini ya mpaka. Wagonjwa wengi huusikia mwendo huo: siku za mwanzo wana ari na hamaki, siku za mwisho wamezorota. Nilipomchorea mjomba mchoro wenye kilele na bonde, aliutazama akasema, "Hii ni bamvua." Sikuongeza neno. Watu wa bara huenda wasijue kwamba katika bamvua maji hujaa sana na pia hupwa sana, hata miamba isiyoonekana siku nyingine ikawa wazi. Ilhali katika maji mafu tofauti ya kujaa na kupwa huwa ndogo.

Bamvua hii inaweza kupunguzwa. Dozi ikigawanywa mara mbili na kudungwa kila wiki, kilele hushuka na bonde hupanda. Njia nyingine ni andekanoati: miligramu 1000 ndani ya mililita 4 za mafuta hudungwa polepole takoni, dozi ya pili baada ya wiki 6, kisha kila baada ya wiki 10 hadi 14. Mtu hudungwa mara nne au tano tu kwa mwaka. Lakini shehena hiyo kubwa ya mafuta ina hatari yake adimu: chembe za mafuta huweza kuingia mishipani zikafika mapafuni, mgonjwa akapaliwa na kikohozi, kifua kikambana, akakosa pumzi. Ndiyo maana nchini Marekani mgonjwa hutakiwa kukaa kliniki dakika 30 baada ya kudungwa. Sindano hii si ya kujidunga nyumbani.

Jeli: Ngozi kama Ghala

Dawa za kupaka zina historia fupi zaidi. Kilichotangulia ni kibandiko kilichoidhinishwa Marekani mwaka 1993, ambacho kilibandikwa kwenye pumbu, mahali ambapo ngozi ni nyembamba na hupitisha dawa kwa urahisi. Pumbu ilibidi zinyolewe kila mara. Msomaji atakisia mwenyewe kwa nini wengi hawakukipenda. Vibandiko vya mgongoni na mkononi vilivyofuata vilisumbua kwa kuwasha ngozi. Mwaka 2000 jeli ya asilimia moja ikaidhinishwa, na tangu hapo jeli ndizo zilizotamalaki katika fungu hili.

Jeli ni testosteroni isiyo na mkia, iliyoyeyushwa katika alkoholi. Hupakwa kila asubuhi kwenye ngozi safi na kavu ya mabega, ya mikono sehemu ya juu, na kwa baadhi ya aina, ya tumbo. Alkoholi hukauka kwa dakika chache, homoni ikabaki ndani ya tabaka za juu za ngozi, na kutoka hapo hupenya kuelekea damuni kutwa kucha. Hesabu yake inafundisha. Gramu 5 za jeli ya asilimia moja zina miligramu 50 za testosteroni, lakini takriban sehemu moja tu katika kumi ndiyo huingia mwilini, yaani miligramu 5, kiasi kinachokaribiana na kile ambacho korodani zenye afya hutengeneza kwa siku. Sindano ya miligramu 200, mkia wake ukiondolewa, hubakiza testosteroni ya takriban miligramu 144. Zigawe kwa siku 14 upate kama miligramu 10 kwa siku, tena zisizogawanyika sawasawa. Tofauti ya njia hizi basi si ya mwendo tu, ni ya wingi pia. Jeli ni maji mafu.

Lakini utulivu huo hauji bure. Ngozi za watu hazilingani: wapo ambao dozi ileile huwatosha na wapo ambao haipenyi ya kutosha hata ikiongezwa. Anayepaka hapaswi kuoga wala kuogelea kwa saa kadhaa, kati ya 2 na 6 kutegemea aina ya jeli. Tena ni kazi ya kila siku, bila likizo.

Hapa tafsiri ilitaka kunishinda tena. Karatasi ilikataza kupaka jeli sehemu za siri, katazo lililokuwa katikati ya aya ndefu, nami nusura nilipitie juu juu. Mjomba ndiye aliyeuliza, kwa sauti ya chini, kama dawa ya kiume haifai kupakwa palepale palipo na tatizo. Swali lake ni la mantiki kabisa. Anayeambiwa kwa Kiswahili kwamba anapewa "dawa ya nguvu za kiume" ataipaka wapi? Nikalihamisha katazo hilo likawa sentensi ya kwanza.

Asiyeandikiwa Dawa

Tofauti nzito kuliko zote, kwa maoni yangu, haimhusu mgonjwa. Sindano ikishaingia msulini imeingia. Hakuna mwingine atakayeigusa. Jeli hukaa juu ya ngozi, na sehemu kubwa isiyopenya huweza kuhamia kwa yeyote atakayegusana na ngozi hiyo. Mwaka 2009 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliagiza jeli hizo ziwekwe onyo la daraja la juu kabisa, baada ya kupokea ripoti za watoto wadogo walioonyesha dalili za kubalehe kabla ya wakati: viungo vya uzazi kukua, nywele za sehemu za siri kuota, ukali wa tabia, na mifupa kukomaa kuliko umri. Dalili nyingi zilipungua mguso ulipokoma, lakini si zote zilizorudi kuwa kama zamani. Mwanamke anayeguswa mara kwa mara huweza kuota ndevu na chunusi, na aliye mjamzito huhatarisha kijusi chake.

Kinga zipo: kunawa mikono kwa sabuni mara moja, kuacha jeli ikauke, kuvaa shati linalofunika mahali palipopakwa, na kuosha mahali hapo kabla ya kugusana na mtu ngozi kwa ngozi. Katika nyumba ya watu wawili wenye vyumba na bafu la ndani, masharti haya yanatimizika. Karatasi ya mjomba iliandikwa kwa ajili ya nyumba kama hiyo. Nyumba ya mjomba ina wajukuu wanne, na yule mdogo hulala kifuani mwa babu yake, naye babu akiwa amevaa kikoi tu kwa sababu ya joto la Vanga. Nilipomsomea sehemu hii hakuuliza lolote kwa muda.

Damu, Moyo na Uzazi

Njia zote mbili huchochea uundaji wa chembe nyekundu za damu. Kwa kiasi, hili ni jema kwa mwenye upungufu wa damu. Likizidi, damu huwa nzito. Sindano za muda mfupi ndizo zinazolisababisha zaidi, hasa kwa sababu ya vile vilele. Madaktari hupima uwiano wa chembe hizo katika damu, na ukipita asilimia 54 tiba husimamishwa hadi ushuke. Wanaoishi nyanda za juu, kama vile Eldoret ulio zaidi ya mita 2000 juu ya bahari, huanza na uwiano wa juu kidogo kutokana na uchache wa oksijeni. Kwao sindano kubwa kubwa zahitaji uangalifu zaidi. Na kwa kuwa nimeutaja mji wa wanariadha, niongeze kwamba testosteroni imepigwa marufuku michezoni, iwe ya sindano au ya jeli, isipokuwa kwa kibali maalumu cha matibabu.

Kuhusu moyo, uchunguzi mkubwa wa TRAVERSE uliochapishwa mwaka 2023 uliwahusisha wanaume wapatao 5,200 wenye upungufu wa testosteroni, waliokuwa na maradhi ya moyo au waliokuwa katika hatari ya kuyapata. Mshtuko wa moyo, kiharusi na vifo vya moyo havikuwa vingi zaidi kwa waliotumia testosteroni kuliko kwa waliopewa dawa bandia. Walakini mapigo ya moyo kwenda mrama, damu kuganda mapafuni na mivunjiko ya mifupa vilijitokeza zaidi miongoni mwa waliotumia. Jambo ambalo wasomaji wengi wa matokeo hayo hulisahau ni kwamba dawa iliyochunguzwa ilikuwa jeli. Kuyachukua yalivyo na kuwapa wanaodungwa miligramu 200 kila wiki mbili ni kosa la kifasiri kama makosa mengine.

Kisha uzazi. Tulisema kwamba testosteroni ikijaa damuni ubongo hupunguza amri. Ubongo hautofautishi homoni ya ndani na ya nje. Amri zikikoma, korodani huacha kuzalisha mbegu. Jambo hili ni hakika kiasi kwamba Shirika la Afya Duniani, katika majaribio yaliyochapishwa mwaka 1990 na 1996, lilichunguza sindano za enanthati za kila wiki kama njia ya wanaume kupanga uzazi. Kwa hivyo kijana anayetafuta mtoto akapewa testosteroni ili "kumwongezea nguvu" anapelekwa mbali na anachokitafuta, awe anadungwa au anapaka. Kwa kawaida mbegu hurejea baada ya kuacha dawa, lakini huchukua miezi, na pengine zaidi ya mwaka. Mwenye upungufu unaotokana na pituitari na ambaye bado anataka watoto hupewa sindano za aina nyingine, zinazochukua nafasi ya amri yenyewe. Hapa ndipo kosa la kuongeza badala ya kufidia linapoweza kumgharimu mtu ukoo.

Uamuzi wa Mjomba

Ningekuwa namtafsiria mwalimu anayeishi peke yake Nairobi, aogopaye sindano, au mgonjwa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda ambaye kudungwa msulini kwaweza kumvujisha damu, ningetarajia achague jeli, na angekuwa na haki. Mjomba huingia baharini alfajiri, huloa mchana kutwa, na jioni hukumbatiwa na wajukuu. Alichagua sindano. Andekanoati ilimvutia kwa uchache wa safari, lakini bei ya kichupa kimoja na umbali wa hospitali ya kuidungia vilimrudisha kwenye enanthati, miligramu 100 kila wiki katika zahanati ya jirani. "Bamvua ndogo," alisema.

Kulibaki jambo moja la kutafsiri, nalo ni siku ya kupimwa damu. Kwa jeli, damu huchukuliwa saa 2 hadi 8 baada ya kupaka, mtu akiwa amekwisha kuitumia kwa wiki moja au zaidi. Kwa andekanoati huchukuliwa muda mfupi kabla ya sindano inayofuata. Kwa enanthati huchukuliwa katikati ya sindano mbili, kwa kuwa anayepimwa siku ya kilele ataonekana ana ziada na anayepimwa mwishoni ataonekana ana upungufu, hali dozi ni ileile. Niliandika "katikati ya juma la sindano". Mjomba akaikata sentensi yangu, akachukua kalenda ya ukutani ambayo huandikia nyakati za maji, akaweka alama ya sindano kila Jumatatu na ya kipimo Alhamisi ya juma la sita.